678: steringi ni mama wa watoto, silaha yake pini ya ushungi (uzi wa wapenda sinema za Misri)

#1 Mtazamaji wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Humu jukwaani kila siku ni Wakorea, Wahindi na Wanaijeria. Leo naomba tukae Misri kidogo. Kuna filamu inaitwa 678, ilitoka Desemba 2010, imeandikwa na kuongozwa na Mohamed Diab. Kama uliiona Moon Knight, ile tamthilia ya Marvel ya 2022, basi mkono wa Diab unaujua. Hii 678 ndiyo filamu yake ya kwanza kuongoza. Kabla ya hapo alikuwa anaandika miswada tu, na El Gezira ya 2007 iliyojaza kumbi za Cairo aliiandika yeye.

Naweka tahadhari mapema: nitaeleza kisa bila kuficha. Asiyetaka kujua akaitazame kwanza, halafu arudi.

Fayza (ameigizwa na Bushra) ni mfanyakazi wa ofisi ya serikali. Mshahara kiduchu, mume, watoto, ushungi na nguo ndefu hadi chini. Asubuhi anapanda basi namba 678. Basi limejaa hadi mlangoni, na siku zote kuna mwanaume nyuma yake anayejifanya kasukumwa na msongamano. Akichoka anachukua teksi. Teksi inakula hela ya ada, watoto wanaadhibiwa shuleni kwa kuchelewa kulipiwa, mume anauliza pesa zinakwenda wapi. Fayza hawezi kumjibu, maana jibu lenyewe litakuwa kesi kubwa zaidi ya ada. Hapo hakuna bunduki wala mtu aliyekufa, na mimi nilikuwa tayari nimeshakunja ngumi.

Wa pili ni Seba (Nelly Karim), mwanamke wa familia yenye uwezo. Alizingirwa na kundi la wanaume kwenye shamrashamra za mpira, mumewe akiwa palepale asiweze kumfikia. Mume ni daktari, na baada ya siku ile hakuweza kumtazama mkewe machoni. Sasa Seba anafundisha wanawake namna ya kujilinda. Wa tatu ni Nelly (Nahed El Sebai), binti wa kupokea simu za wateja ambaye usiku anajaribu kuchekesha watu jukwaani. Dereva wa gari anamkamata barabarani na kumburura. Yeye anamkimbiza, anamkamata, anamfikisha polisi, na anakataa katakata kuandikiwa kesi ya "kupigwa" tu. Anataka iandikwe kilichotokea: unyanyasaji wa kingono.

Fayza anaenda darasani kwa Seba. Siku moja ndani ya 678 anachomoa pini. Baadaye pini inakuwa kisu.

Na hapo ndipo anaingia afande Essam (Maged El Kedwany), mnene, mchovu, mdomo wenye maneno, anayechunguza ni nani anachoma wanaume sehemu za siri. Shida yake ni moja: majeruhi hawataki kufungua mashtaka. Watasema walikuwa wanafanya nini pale walipochomwa?

Hoja yangu ni hii, mniambie kama mnaiona. Kwenye sinema za kusisimua tulizozizoea, adui ana sura: jambazi, jasusi, mume muuaji. Steringi wa kike wa Misri anakimbizwa na aibu. Kila mlango anaokimbilia, iwe mume, polisi, mama mkwe au mahakama, aibu imeshafika mbele yake na imekaa kwenye kiti. Tena haikuanza na Diab. Doaa al-Karawan (yaani Dua ya Ndege Karawan) ya 1959 imejengwa hivyohivyo.

Nawasilisha.

#2 Kichwa Ngumu

Nimeweka kambi. Mkuu, ina maandishi ya chini au tutakodoa macho tu?

#3 Mtazamaji wa Usiku

Ipo yenye tafsiri ya Kiingereza chini. Itafute kwa jina Cairo 678, huko nje wanaiita hivyo. Kwao ni 678 tu.

#4 Konda Mstaafu

Mimi nimefanya kazi ya ukonda Mbagala–Kariakoo enzi za vipanya na baadaye magari makubwa. Sijaiona hiyo filamu lakini naijua.

Konda anaona kila kitu. Asubuhi ukishapakia, umesimama mlangoni umeangalia ndani, unaona vichwa na mikono iliyoshika bomba. Wenye tabia hiyo unawajua baada ya wiki moja. Hawakai hata kiti kikiwa wazi. Wanapenda pale katikati, pale ambapo wewe mwenyewe unapiga kelele "sogea nyuma huko, nyuma kuna nafasi." Na wanashika bomba kwa mkono mmoja tu.

Sasa mwanamke akipiga kelele, gari zima linamgeukia yeye. Yule mwanaume haangaliwi. Wazee wanaguna, vijana wanacheka, kuna mama mmoja lazima aseme "si ushuke upande bodaboda." Niliwahi kumshusha mmoja kwa nguvu, tajiri mwenye gari akanikata hela ya siku kwa kuwa abiria alikwenda kulalamika kituoni. Tangu hapo nikawa naangalia pembeni kama wengine. Nayasema haya kwa sababu mleta uzi kasema adui ni aibu. Mimi nasema adui ni yule jamaa wa katikati. Aibu ndiyo inamlipia nauli.

#5 Kichwa Ngumu

"Aibu ndiyo inamlipia nauli." Konda kaua uzi, tufunge.

#6 Bint Mkunazini

Usifungwe bado, mie nina la kusema kuhusu Doaa al-Karawan kwa sababu mleta uzi kaitaja juujuu akaondoka.

Huku kwetu Unguja filamu za Misri si kitu kigeni. Bibi zetu walizitazama senema, wakarudi nyumbani wanaimba nyimbo za Umm Kulthum bila kujua nusu ya maneno. Faten Hamama, muigizaji wao, jina lake lilijulikana kila nyumba. Basi nawasimulia kama nilivyosimuliwa, kisha nikajitazamia mwenyewe.

Muongozaji ni Henry Barakat, kisa kimetoka kwenye riwaya ya Taha Hussein ya 1934. Taha Hussein yule yule, mwanachuoni kipofu aliyekuja kuwa waziri wa elimu wa Misri mwaka 1950. Mama na mabinti zake wawili wanafukuzwa kijijini kwa sababu baba alikuwa mzinzi na kauawa kwa uzinzi wake. Angalieni hapo: kosa la baba, wanaohamishwa ni wanawake hawa watatu. Wanafika mji mdogo, mabinti wanafanya kazi za ndani. Mkubwa, Hanadi, anaangukia kwenye nyumba ya mhandisi kijana asiye na mke (Ahmed Mazhar). Yanatokea yanayotokea. Mama, kwa hofu, anamwita kaka yake aje awachukue. Mjomba anakuja, na huko safarini anamuua Hanadi. Mhandisi hakuguswa hata na mbu.

Amna, mdogo mtu, ndiye Faten Hamama. Anaapa kulipiza, na anaingia nyumba ileile, kwa mhandisi yuleyule, kwa kazi ileile ya dada yake. Hapo sasa ndipo filamu inapokuwa ya kukatisha pumzi. Kila chai anayoileta, wewe unatazama kikombe. Kila mlango wa usiku ukigongwa, wewe unatazama komeo. Yule mwanaume anadhani anawinda, kumbe kawekwa kwenye mtego. Na Faten ana uso ule wa kitoto, mtulivu, huwezi kumdhania kitu. Barakat anauacha uso ule ufanye kazi yote.

Kisha moyo unaingilia. Amna anampenda adui yake. Wengi hapo huikasirikia filamu. Mie siikasirikii, kwa sababu mwisho wake mchungu: mjomba anarudi na bunduki kummaliza Amna naye, na anayekula risasi ni mhandisi. Kwenye kitabu mhandisi hafi. Filamu ndiyo iliyoamua kumuua.

#7 Mtazamaji wa Usiku

Bint Mkunazini, ahsante, umeifungua vizuri kuliko mimi. Na umeniwekea ushahidi mezani. Mama anamwogopa nani? Si mhandisi. Anaogopa watu watasemaje, na hofu hiyo ndiyo inayomleta muuaji. Ukiiweka kando ya 678 unaona miaka 51 imepita na Nelly anaambiwa na familia yake afute kesi kwa sababu ileile. Mchumba wake Omar naye mwanzoni anasita, kwao wanamshinikiza. Wote wanampenda, na ndio wanaomsukuma arudi nyuma.

#8 Wakili wa Mtaa

Nichangie upande wa sheria, maana filamu hii imesimama juu ya kesi ya kweli.

Juni 2008, mtengeneza filamu anayeitwa Noha Rushdi alishikwa mwilini na dereva barabarani Cairo, akaburutwa. Hakukubali. Alimng'ang'ania yule dereva mpaka akafikishwa polisi, na huko nako ikabidi apambane ili shauri lipokelewe. Oktoba 2008 mahakama ikamhukumu dereva kifungo cha miaka 3 na faini ya pauni 5,001. Ilikuwa habari kubwa nchi nzima kwa sababu haikuwahi kutokea mtu akafungwa Misri kwa jambo hilo kwa namna ile. Kisa cha Nelly kwenye filamu kimechotwa hapo.

Mwaka huohuo wa 2008 Kituo cha Misri cha Haki za Wanawake kilitoa utafiti: asilimia 83 ya wanawake wa Misri walioulizwa walisema wamewahi kunyanyaswa kingono, na asilimia 62 ya wanaume walikiri kufanya hivyo. Hiyo ya pili ndiyo ya kushangaza. Mtu anakiri mbele ya mtafiti mwenye kalamu mkononi, maana yake hahesabu kama ni kosa.

Na sheria yenyewe ilikuwa haijalitaja kosa hilo kwa jina waziwazi. Ndiyo maana Nelly anapofika kituoni anashawishiwa aandike shambulio la kawaida. Wakili yeyote anajua mchezo huo: ukibadilisha jina la kosa, umeshabadilisha hukumu. Juni 2014, rais wa mpito Adly Mansour alipitisha marekebisho ya kanuni ya adhabu, kifungo kisichopungua miezi 6 au faini ya pauni 3,000 hadi 5,000, au vyote. Mwaka 2021 wakakaza tena, kifungo kikaanzia miaka 2 na faini pauni 100,000 kwenda juu.

Kabla hatujawacheka Wamisri: Tanzania kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, cha unyanyasaji wa kingono, tunacho tangu 1998. Konda hapo juu kafanya kazi chini ya kifungu hicho maisha yake yote. Muulizeni ni wangapi aliona wanapelekwa.

#9 Konda Mstaafu

Sikumbuki hata mmoja.

#10 Kichwa Ngumu

Sawa, wakili kaongea. Lakini mimi naona jambo moja hamtaki kuligusa. Filamu inamfanya anayechoma watu visu kuwa shujaa. Je, akimchoma asiyehusika? Ndani ya basi lililojaa unajuaje nani kakugusa na nani kasukumwa? Mnatuandalia dada zetu waje na visu kwenye mwendokasi.

#11 Shangazi wa Tandika

Kichwa Ngumu mwanangu, jina lako limekutosha.

Hilo swali filamu yenyewe imeliuliza kabla yako, na haikukuletea jibu rahisi. Wapo waliolia kama wewe Misri, na wapo waliokwenda mahakamani kutaka isionyeshwe kwenye tamasha la Dubai, eti inaichafua sura ya nchi. Ilionyeshwa, na Bushra na Maged El Kedwany wakarudi na tuzo za uigizaji bora. Lakini turudi kwenye swali lako.

Tazama Fayza anavyobadilika. Mara ya kwanza anachoma kwa hofu, mkono unatetemeka, anakimbia. Baadaye anapanda basi na kungoja. Yaani anasimama pale akiwa na kisu, anangoja aguswe. Mimi hapo nilishika mdomo. Mwanamke aliyekuwa anakwepa basi sasa analitafuta. Diab hakumpamba. Anakuonyesha kwamba kuna ladha ndani yake na Fayza ameionja.

Halafu ugomvi wa wale watatu, ambao kwangu ndio kilele cha filamu kuliko visu vyote. Wamekuwa kitu kimoja, wanafichana, na ghafla Fayza anawageukia wenzake: nyinyi ndio mnaotuletea haya, nywele nje, nguo za kubana, mnawaamsha wanaume halafu tunaolipa ni sisi wa kwenye mabasi. Anayesema hivyo ni yeye aliyejifunika mwili mzima na bado hakusalimika! Na wenzake nao wanamjibu kwa dharau ya watu wa magari binafsi. Pale unaona tabaka, unaona dini, unaona uchovu. Wanawake watatu wenye adui mmoja wanashindwa kukaa sebule moja.

Filamu ya kibabe isingethubutu hilo. Ingewapanga mstari, muziki ukapigwa, wakatembea pamoja polepole.

#12 Msomaji Kimya

Nafuatilia.

#13 Maskati Pwani

Salaam kutoka Oman. Huku Kiarabu cha Misri kila mtu anakielewa hata kama hajawahi kufika Cairo, kwa sababu ya filamu na tamthilia zao. Mwezi wa Ramadhani ndio msimu, kila kituo kinagombea tamthilia mpya.

Nataka kumzungumzia Nelly Karim, huyo Seba. Mama yake Mrusi, na alikuwa mcheza baleti kabla hajawa muigizaji. Mtazameni anavyosimama kwenye 678, mgongo umenyooka muda wote, hata anapokuwa amevunjika ndani. Kisha mtafuteni kwenye Zaat ya 2013 na Segn El Nesa ya 2014, hiyo ya pili ni ya gerezani, wanawake watupu. Hapo hata mgongo ule hamtauona. Amekuwa mtu mwingine kabisa, ngozi kavu, macho yamezama. Wanaosema sinema ya Misri imebaki na kina Faten peke yao hawajamtazama huyu.

Amefanya kazi tena na Diab kwenye Clash ya 2016, ile iliyofungua kitengo cha Un Certain Regard kwenye tamasha la filamu la Cannes. Filamu nzima iko ndani ya karandinga la polisi, kiangazi cha 2013, wafuasi wa jeshi na wa Ikhwani (Udugu wa Kiislamu) wamefungiwa pamoja. Nelly Karim ni nesi humo ndani. Kwa hiyo Diab ni mtu wa kubana watu: kwanza ndani ya basi, halafu ndani ya karandinga. Ukiwa na kifua cha kubana usizitazame usiku.

#14 Mwana Likoni

Mleta uzi, hoja yako ya aibu ni tamu lakini umeifanya kubwa kuliko ilivyo. Nakuletea filamu moja inayokataa: Bab el-Hadid ya 1958, ya Youssef Chahine. Wengine wanaijua kama Cairo Station.

Mahali ni stesheni kuu ya treni ya Cairo. Hanouma, ameigizwa na Hind Rostom, anauza soda kwa abiria bila leseni. Anarukia mabehewa na ndoo yake ya chupa, polisi wanamkimbiza, yeye anacheka. Huyu hana aibu hata chembe! Anacheza muziki ndani ya behewa, anabishana na wanaume, ana mchumba mbeba mizigo (Farid Shawqi) anayetaka kuanzisha chama cha wafanyakazi. Na kuna Qinawi, kiwete muuza magazeti anayelala kwenye kibanda kilichobandikwa picha za wanawake. Qinawi ni Chahine mwenyewe. Kajiongoza, kajiigiza, na kajipa sura ya kutisha kweli.

Qinawi anamtaka Hanouma. Hanouma anamkatalia kwa mzaha, kama anavyowakatalia wote. Jamaa ananunua kisu. Gizani anamchoma mwanamke mwingine akidhani ni yeye, anamtia kwenye sanduku la mizigo. Dakika zinazofuata ni za kukimbizana kwenye reli katikati ya treni zinazopita. Filamu yote haifiki hata dakika 80 na haina sekunde ya kupoteza.

Sasa aibu iko wapi hapo? Mwanamke anafukuzwa na mwanaume mwenye kisu kwa sababu alisema hapana. Basi. Ni hadithi ya mwanaume asiyejua kukataliwa, na hiyo haihitaji falsafa. Hapa Kenya Novemba 2014 wanawake waliingia barabarani Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume stejini. Wale wanaume hawakuwa na mpango wowote wa heshima ya ukoo. Walimtaka, aliwapuuza, wakamgeuzia mavazi yake kuwa sababu. Qinawi watupu.

#15 Bint Mkunazini

Mwana Likoni, lakini Hanouma si steringi. Ile ni filamu ya Qinawi. Tunaingia kichwani mwake, tunaona miguu ya wanawake kwa macho yake. Hanouma tunamtazama tu.

#16 Mwana Likoni

Bint, toa Hanouma uone kama filamu inabaki.

#17 Mtazamaji wa Usiku

Mwana Likoni, nimeipenda na sikubali. Umeruka jambo: kwa nini Qinawi anadhani ana haki juu ya Hanouma? Kwa sababu anamwona yuko nje, anauza, anacheka na wanaume, kwa hiyo kwake ni mwanamke asiye na mwenyewe. Aibu ambayo Hanouma hakuibeba, Qinawi kambebea. Anataka amwoe ampeleke kijijini, awe mke wa nyumbani. Alipokataa, kisu.

Lakini nakupa hili: Bab el-Hadid inatisha kwa miguu na reli, na 678 inatisha kwa ukimya. Kwenye basi kamera imebanana na abiria. Unaona kwapa, unaona mgongo, unaona uso wa Fayza anayejaribu kuonekana kama hakuna kinachotokea. Hakuna anayekimbia. Mimi ukimya ule ndio ulionikaba.

#18 Wakili wa Mtaa

Na mkumbuke wakati wake. Desemba 2010. Mwezi huohuo ndipo lilipoanzishwa HarassMap, kundi la kujitolea lililoweka ramani mtandaoni ili mwanamke aandike palepale alipofanyiwa. Wiki chache baadaye ni mapinduzi ya Januari 25, uwanja wa Tahrir. Filamu ilitoka kwenye nchi iliyokuwa inatokota, na nadhani ndiyo maana haina subira na polisi wala na mahakama. Watu wale walikuwa wameshachoka na vyote viwili.

#19 Kichwa Ngumu

Wakuu, nimeitazama jana usiku. Nimerudi.

Kwanza, yule afande Essam ni moto. Maged El Kedwany anaongea kama mjomba wa harusini, anatania, anakula, na huku anakusoma. Anapowaita wale kina dada ofisini anajua kila kitu na bado anazunguka mbuyu. Ningetazama filamu nzima ya huyo mtu peke yake.

Pili, swali langu la "akimchoma asiyehusika" bado liko palepale. Filamu inaligusa halafu inaliacha. Wote waliochomwa ni wenye hatia, hilo ni rahisi mno kwa mwandishi. Nilitaka mmoja, mmoja tu, ambaye huna uhakika naye.

Tatu, hamkuniambia kuhusu mke wa Essam. Anakufa kwenye uzazi, anamwachia mtoto wa kike, na baada ya hapo afande anakuwa mpole. Hii nimeikataa. Yaani polisi hawezi kuelewa mpaka azae binti?

#20 Shangazi wa Tandika

Hapo Kichwa Ngumu nakubaliana nawe. Ndio udhaifu mkubwa wa filamu, na nilinyamaza nione nani ataliona. Mwanamke yule hana kazi nyingine humo zaidi ya kufa ili mume ajifunze. Kwenye filamu inayolalamikia wanawake kutumiwa! Afadhali Essam angewaachia kwa hesabu baridi tu: hakuna mlalamikaji, hakuna kesi, nendeni, na msirudie. Alikuwa na sababu hiyo mkononi tangu mwanzo, na ilikuwa ya kuchekesha na chungu kwa pamoja.

#21 Maskati Pwani

Utetezi kidogo kwa Diab: machozi ni desturi ya sinema ile. Mtazamaji wa Misri akilipa kiingilio anataka alie mara moja. Ukimnyima anaona kaibiwa.

#22 Shangazi wa Tandika

Angelia kwenye kesi ya Nelly. Palikuwa na pa kulilia.

#23 Mwana Likoni

Kwa wanaopenda wanawake wasio malaika, tafuteni Raya wa Sakina ya 1953 ya Salah Abu Seif. Naguib Mahfouz, yule wa Nobeli, aliandika muswada wake pamoja na Abu Seif. Ni kisa cha kweli cha Alexandria: madada wawili na waume zao waliwaua wanawake 17 kwa ajili ya dhahabu walizovaa, wakawazika chini ya sakafu za nyumba mtaa wa Labban. Walinyongwa Desemba 1921. Negma Ibrahim aliyemwigiza Raya ana macho ambayo hutayasahau. Mleta uzi, hapo aibu iko wapi? Nakungoja.

#24 Mtazamaji wa Usiku

Hapo ni dhahabu, mkuu, sibishi. Ingawa waliouawa walikuwa wanawake ambao jirani hawakuharakisha kuwaulizia walikokwenda, na polisi walichelewa kustuka. Jiulize kwa nini.

#25 Mwana Likoni

Huyu mtu hashindiki.

#26 Konda Mstaafu

Nami nimeitazama, mjukuu kaniwekea kwenye simu. Dereva wa lile 678 hageuki nyuma hata mara moja. Ndivyo tulivyokuwa.

#27 Msomaji Kimya

Mimi huwa sichangii. Napanda gari kutoka Gongo la Mboto kila asubuhi. Naomba tu kuuliza, Doaa al-Karawan yenye maandishi ya chini inapatikana wapi, na ina ubora wa kuonekana au ni ile ya mikwaruzo?

#28 Bint Mkunazini

Mikwaruzo ipo, nyeusi na nyeupe, lakini sauti safi. Nitumie ujumbe nikuelekeze, dada. Tazama usiku watoto wakishalala, na usimruke yule ndege anapolia.